Kungu Tatu

Nilikuwa na miaka minane nilipoiona theluji kwa mara ya kwanza. Niliiona kwenye televisheni ya shangazi yangu, Kikwajuni, Unguja, mchana wa Jumapili moja ya kaskazi ambapo hata sakafu ya saruji ilikuwa imepata joto. Msichana alikuwa juu ya farasi, anakata uwanda mweupe usio na mwisho, nywele zinaruka nyuma. Nikauliza anamkimbia nani.

“Hamkimbii mtu,” shangazi akanijibu. “Yule ndiye farasi wake. Wanapunga upepo.”

Jibu hilo limekaa nami miaka thelathini sasa. Wasichana wote wa hadithi niliokuwa nikiwajua kabla ya siku ile walikimbia kwa sababu: zimwi liko nyuma, mama wa kambo anawatafuta, jua linakuchwa. Sikujua kwamba msichana anaweza kukimbia kwa raha zake tu.

Hadithi yenyewe nilikuwa naijua tayari. Shangazi alitusimulia mara nyingi kabla ya kuipata ile kanda, umeme unapokatika, sisi watoto tumejipanga kwenye mkeka barazani. Paukwa! Pakawa! Hapo kale palikuwa na yatima aliyeitwa Majivu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa jikoni na majivu hayakumtoka usoni. Siku moja akaletewa kungu tatu. Akapasua ya kwanza, ndani mna nguo za mwindaji. Akapasua ya pili, mna gauni la karamu. Akapasua ya tatu, mna nguo za harusi. Asubuhi yake sisi tulikuwa chini ya mkungu wa skuli, tunapasua kungu kwa mawe, moja baada ya nyingine. Tulipata kile kinachopatikana humo siku zote, kijikokwa cheupe chembamba, tukakila, tukaokota nyingine.

Nilipokua ndipo nilipojua kwamba kwenye filamu si kungu. Ni njugu za mhazeli, mti wa nchi za baridi usioota kwetu. Shangazi alikuwa amezibadilisha ili tumwelewe. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia ukweli. Akasema: “Ningewaambia njugu ya mhazeli, mngeniuliza mhazeli ni nini mpaka alfajiri, na Majivu wangu angebaki jikoni.”

*

Filamu hiyo kwa Kicheki inaitwa Tři oříšky pro Popelku, na kwa Kijerumani Drei Haselnüsse für Aschenbrödel, yaani njugu tatu za mhazeli kwa Sinderela. Ilipigwa majira ya baridi ya 1972 kuingia 1973 kwa ubia wa studio mbili: Barrandov ya Prague, Chekoslovakia, na DEFA, shirika la filamu la Ujerumani Mashariki. Mwongozaji alikuwa Václav Vorlíček. Msingi wake ni ngano zilizoandikwa na Božena Němcová, mwandishi wa Kicheki wa karne ya 19. Ilianza kuoneshwa Chekoslovakia Novemba 1973, na Machi 1974 ikafika katika kumbi za Ujerumani Mashariki.

Shangazi yangu aliiona mwezi huo wa Machi, katika ukumbi mmoja wa sinema mjini Dresden. Alikuwa na miaka ishirini, mwanafunzi wa uuguzi, na ndiyo kwanza alikuwa anamaliza majira yake ya kwanza ya baridi. Kijerumani chake kilikuwa cha miezi michache. Anasema nusu ya maneno hayakumwingia, lakini hakuwa na haja nayo.

Ili kuelewa msichana wa Kikwajuni alifikaje Dresden, lazima nirudi nyuma kidogo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki kama dola. Kwa wakati ule hilo halikuwa jambo dogo. Ujerumani Magharibi ilikuwa imeutangazia ulimwengu kwamba atakayeitambua ile ya Mashariki asitegemee uhusiano naye. Aprili mwaka huohuo Zanzibar ikaungana na Tanganyika, ambayo ilikuwa ikipokea misaada ya Magharibi, na Mwalimu Nyerere akajikuta na Wajerumani wawili katika nyumba moja. Mwaka 1965 ikakubaliwa kwamba ubalozi wa Mashariki uliokuwa Unguja ufungwe, na badala yake kuwe na ofisi ya konseli mkuu Dar es Salaam. Magharibi haikuridhika, ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Nyerere naye akawaambia wachukue na uliobaki.

Lakini Unguja uhusiano uliendelea. Wajerumani wa Mashariki wakatujengea nyumba za ghorofa Kikwajuni, hizohizo ambazo shangazi alikuja kupewa fleti, na vijana wakapelekwa kwao kusoma. Neno lililokuwa katikati ya ugomvi wote huo lilikuwa moja: kutambua. Nani anamtambua nani, na kwa jina gani. Nalitaja mapema kwa sababu litarudi.

Kanda ya video ilikuja kwa posta mwaka 1993. Aliituma mwanamke wa Kijerumani aliyekaa na shangazi chumba kimoja kwenye dakhalia. Ilikuwa ya Kijerumani kitupu, kwa hiyo shangazi alipunguza sauti, akaketi pembeni ya televisheni akitutazama sisi badala ya kutazama picha, na kutufasiria yote. Alikuwa Majivu, alikuwa mama wa kambo, alikuwa mfalme mnene mwenye maneno mengi. Alikuwa hata bundi. Mwana wa mfalme alimpa sauti ya kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyependa kujisikia, mpaka leo nikimwona yule muigizaji nasubiri azungumze Kiunguja.

*

Nilipoingia chuo kikuu Dar es Salaam nilijifunza kumdharau Sinderela. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kumwona ni mtoto wa kike anayekaa jikoni akisubiri kuokolewa, anayepewa kila kitu na mama mwenye uchawi, halafu anapimwa kwa ukubwa wa mguu wake. Nilikuwa na hoja na nilikuwa na tarehe. Kwamba kiatu cha kioo kimetoka kwa Charles Perrault wa Ufaransa, 1697. Kwamba Uchina waliiandika hadithi ya msichana wa namna hiyo na kiatu chake tangu karne ya 9. Kwamba filamu ya Walt Disney ya 1950 ndiyo iliyomsambaza duniani akiwa na nywele za dhahabu, panya wake na saa yake ya usiku wa manane. Nikaja likizo Unguja na hoja zangu zote, nikamwambia shangazi kwamba Majivu wake amepitwa na wakati.

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

“Huyo wa saa sita za usiku simjui,” akasema. “Wangu mimi aliondoka kwa nini kwenye karamu?”

Nikanyamaza. Nilikuwa nimeitazama filamu ile mara zisizo na idadi, na sikuwa na jibu.

“Nenda kaitazame.”

Nikaitazama tena, safari hii kama mtu mzima. Ni kweli, katika filamu ile hakuna saa inayogonga. Hakuna mama mwenye uchawi, hakuna boga linalogeuka gari. Nguo zinatoka kwenye njugu, na njugu zimefika kwake kwa sababu ya kutaniwa: mtumishi wa shamba amesinzia kwenye gari la theluji akirudi sokoni, mwana wa mfalme na wenzake, wahuni tu wenye vyeo, wakaangusha kiota cha ndege kutoka mtini, kikamwangukia. Ndani ya kiota mna njugu tatu. Kijana ndiye aliyempelekea bahati yake bila kujua.

Wanakutana mara tatu. Mara ya kwanza msituni, yeye na nguo zake za jikoni: anamtupia mwana wa mfalme donge la theluji, anakimbizwa, anaponyoka. Mara ya pili amevaa nguo za mwindaji, analenga tunda la msonobari juu kabisa ya mti, analipata, anavikwa pete ya mshindi. Mara ya tatu ni kwenye karamu, amejifunika shela usoni. Kijana, ambaye mpaka hapo hakutaka kuoa, anatangaza kwamba amempata mchumba. Hajamuuliza mwenyewe. Basi msichana anafanya jambo ambalo kila mtoto wa Kiswahili analielewa mara moja: anamtegea kitendawili.

Kwa maneno yangu kinakwenda hivi: ana masizi usoni lakini si fundi wa bomba la moshi, ana upinde na kofia ya manyoya lakini si mwindaji, ana gauni la hariri lakini si binti mfalme. Ni nani? Kijana anaduwaa. Amekwisha kuwaona wote watatu, na hakujua ni mtu mmoja. Msichana anaondoka kwa sababu hiyo. Saa haina habari. Kashindwa kitendawili, karamu imekwisha.

Nikarudi jikoni. “Kashindwa kitendawili,” nikasema.

“Ehee. Angekuwa wa kwetu angemwambia, nipe mji. Tena yule ana miji kweli.”

Tangu hapo hoja zangu zikabadilika. Nilikuwa sahihi kuhusu kiatu. Kimo hata humu, na mwana wa mfalme anazunguka nacho kama kawaida. Lakini kiatu kinamfikisha mlangoni tu. Mwishoni kabisa, alipofungua njugu ya tatu na kutoka na nguo za harusi juu ya farasi wake, msichana anamrudishia kitendawili kilekile. Safari hii kijana anajibu. Kisha wanakwenda juu ya theluji, kila mtu na farasi wake.

*

Nilianza kuisoma historia ya filamu ile kwa ajili ya kumtania shangazi, na nikakuta kitu ambacho hakikuwa cha utani.

Jina la mwandishi lililooneshwa kwenye filamu ilipotoka lilikuwa Bohumila Zelenková. Huyo alikuwa mtumishi wa studio ya Barrandov, na filamu ile hakuiandika. Aliyeiandika aliitwa František Pavlíček. Katika miaka ya 1960 Pavlíček alikuwa mwandishi mashuhuri wa tamthilia na mkuu wa ukumbi wa Vinohrady, mmoja wa kumbi kubwa za Prague. Mwaka 1968 Chekoslovakia ilijaribu kulegeza kamba: magazeti yakaanza kuandika, watu wakaanza kusema. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Agosti majeshi ya Mkataba wa Warsaw yakiongozwa na Wasovieti yakaingia na vifaru, na jaribio likaishia hapo. Waliounga mkono mageuzi wakafagiliwa mmoja mmoja. Madaktari wa falsafa wakawa wachoma makaa, waandishi wakawa walinzi wa usiku. Pavlíček alipoteza ukumbi wake na akazuiwa kuandika.

Akaandika vilevile, na Zelenková akakubali kumwazima jina. Fikiria maana yake. Kama ingegundulika, mwanamke yule angepoteza kazi, pengine na zaidi ya kazi. Filamu ikatoka, ikapendwa, watu wakamsifu mwandishi asiyeiandika, na mwandishi aliyeiandika akawa mtu wa kukaa kimya kati yao. Mwaka 1977 Pavlíček alitia saini Mkataba wa 77, tamko la raia wa Chekoslovakia waliodai haki zao. Jina lake halikuweza kuhusishwa hadharani na Popelka mpaka utawala ule ulipoanguka mwaka 1989. Alifariki 2004.

Sasa kisome tena kile kitendawili. Mtu anayekwenda amefunikwa uso mbele ya wenye enzi, anawaambia: mmeniona mara tatu, na bado hamnijui. Sidai kwamba Pavlíček aliiandika kama fumbo la maisha yake. Hadithi ya msichana anayejificha ni ya kale kuliko yeye na mimi. Nadai tu kwamba aliyeiandika alijua vizuri jambo hilo lina ladha gani mdomoni.

Nilimsomea shangazi habari hiyo yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: “Kumbe na yeye alivaa shela.”

Yapo na mengine niliyoyapata, mepesi zaidi, na haya alinirudisha niyasome tena na tena. Mpango wa awali ulikuwa filamu ipigwe kiangazi. DEFA ndio waliotaka baridi, kwa kuwa wakati huo watumishi wao hawakuwa na kazi nyingi. Theluji tunayoipenda, basi, ilitokana na ratiba ya ofisi. Mshona mavazi alikuwa Theodor Pištěk, ambaye miaka kumi na kitu baadaye alipata tuzo ya Oscar kwa mavazi ya filamu ya Amadeus. Waigizaji wa Kicheki walizungumza Kicheki na wa Kijerumani wakazungumza Kijerumani, hukuhuku wakijibizana mbele ya kamera, sauti zikapachikwa baadaye. Hata mwana wa mfalme, Pavel Trávníček, si sauti yake katika Kicheki. Lafudhi yake ya Moravia ilionekana haifai kwa mtu wa kasri, akasemewa na mwingine.

Na theluji yenyewe si yote ya kweli. Kasri la mfalme ni Moritzburg, karibu na Dresden, na huko theluji haikutosha. Walioshiriki wamesimulia kwamba ilibidi kumwagwa ya bandia, na sehemu yake ilikuwa unga wa samaki, uliokuwa ukinuka vibaya mno. Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. “Watu wanalia kwa mapenzi,” akasema, “kumbe pale pananuka Malindi, sokoni!”

Moritzburg alipajua. Jumapili moja yeye na yule mwenzake wa chumbani walipanda treni ndogo ya mvuke kutoka Radebeul, inayopita kati ya vilima na mabwawa mpaka mlangoni pa kasri. Ana picha ya siku hiyo: msichana mwembamba ndani ya koti la kuazima, ushungi kichwani, amesimama kwenye ngazi ambazo Majivu alipoteza kiatu. Siku hizi kila majira ya baridi pana maonyesho ya filamu ile pale pale kasrini, na watu wanatoka mbali kuja kusimama kwenye ngazi hizo. Shangazi yangu alisimama hapo wakati ambapo hapakuwa na tiketi ya filamu wala duka la kumbukumbu, akiwa na njaa na vidole vimekufa ganzi, kwa sababu tu alitaka kuwa mahali ambapo yule msichana aliwahi kuwa.

*

Ningependa kuishia kwenye picha hiyo, lakini kuna jambo jingine.

Nisije nikaipamba nchi ile. Ujerumani Mashariki ilikuwa na ukuta, na walioujaribu walipigwa risasi. Ilikuwa na Stasi, idara ya usalama iliyowafanya majirani wachunguzane. Shangazi anazo kumbukumbu njema za watu wa huko, na anazo nyingine ambazo huzieleza kwa sentensi moja kisha akabadilisha mazungumzo. Nimejiuliza mara nyingi kama inafaa kupenda kitu kilichotengenezwa na dola mbili za namna ile. Jibu langu ni kwamba hakikutengenezwa na dola. Kilitengenezwa na Pavlíček aliyezuiwa na Zelenková aliyemkinga, na msichana wa miaka 19 aliyepanda farasi kwenye baridi. Dola ililipia tu.

Dola hizo zenyewe hazipo tena. Ujerumani Mashariki iliunganishwa na ile ya Magharibi tarehe 3 Oktoba 1990. Chekoslovakia iligawanyika kuwa nchi mbili Januari 1993, mwaka uleule kanda yetu ilipofika Unguja.

Katikati ya miaka ya 1990 shangazi alihitaji kuhakiki vyeti vyake kwa ajili ya kupandishwa daraja. Alikuwa ameshafanya kazi wodini kwa karibu miaka ishirini. Ofisi moja ambayo sitaitaja ilichukua cheti chake, ikakigeuza mbele na nyuma, ikamwambia nchi iliyokitoa haimo kwenye orodha. Akaeleza kwamba nchi imebadilika jina. Akaambiwa alete uthibitisho kutoka nchi husika. Akauliza ipi, iliyokufa au iliyoirithi. Yule aliyekuwa nyuma ya meza, kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa alizalishwa na mikono ya shangazi, akamwambia: “Bi mkubwa, sisi hapa hatukutambui.”

Alirudi nyumbani akiwa hajavua baibui, akaketi. Nilikuwa na miaka kumi. Nilimletea maji, hakunywa. Baada ya muda akasema niweke ile kanda. Nikaiweka. Siku hiyo hakutufasiria neno. Tulitazama kimya mpaka kwenye karamu, na pale kijana alipoduwaa mbele ya kitendawili, shangazi akaongea peke yake, kwa Kijerumani, maneno ya Majivu yote kwa ghibu. Sikuelewa hata moja. Nimeelewa baadaye.

Miezi 14 ilipita mpaka barua kutoka Ujerumani ikaja, na muhuri wa nchi nyingine, ikisema kwamba ndiyo, mtu huyu alisoma, na alifaulu. Alipandishwa daraja. Barua hiyo ameiweka pamoja na picha ya Moritzburg katika bahasha moja.

*

Msichana wa farasi aliitwa Libuše Šafránková. Alizaliwa Brno, Juni 1953. Aliendelea kuigiza maisha yake yote. Alimo hata kwenye Kolja, filamu ya Kicheki iliyopata Oscar. Lakini hakuwa mtu wa kutafuta magazeti. Alikuwa na uso ambao nusu ya Ulaya iliukaribisha nyumbani kila Krismasi, na yeye mwenyewe alikaa kando, hasemi sana.

Norway filamu ile imekuwa sehemu ya sikukuu. Televisheni ya taifa huionesha kila asubuhi ya tarehe 24 Desemba, na sauti zote, za wanaume na wanawake, zinasomwa na mtu mmoja, muigizaji Knut Risan, ambaye ameshafariki. Nilipolisoma hilo nilisimama nikaenda dirishani. Watoto wa Norway na sisi wa Kikwajuni tulilelewa kwa njia moja: mtu mzima mmoja ameketi karibu, anakusemea wote. Mwaka 2021 Wanorway walitoa filamu yao mpya ya hadithi hiyohiyo. Ni nzuri. Lakini najua ni ipi wanayoitazama asubuhi ya Krismasi.

Mwaka huohuo wa 2021, tarehe 9 Juni, Šafránková alifariki. Siku mbili kabla alikuwa ametimiza miaka 68. Niliisoma habari nikiwa kwenye daladala, nikashuka kabla ya kituo changu ili nimpigie shangazi.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Mbona sauti hiyo?”

Nikamwambia. Akakaa kimya muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha nikasikia: “Maskini. Alinizidi mwaka mmoja tu.”

Jioni hiyo sikuweza kukaa. Kesho yake nikapanda boti ya asubuhi kwenda Unguja. Nilimkuta barazani, televisheni imezimwa. Deki ilikwishakufa zamani, na ile kanda sasa ni pambo la kabati. Nikamwonesha kwenye simu yangu: msichana, farasi, theluji. Akaishika simu kwa mikono miwili, mbali kidogo na macho, akatazama mpaka ilipoisha. Umeme ukakatika, kama desturi. Tukakaa gizani.

“Kitendawili,” akasema.

“Tega.”

“Wazazi wawili wamekufa, mtoto kila mwaka anazaliwa upya.”

Nililijua jibu. Lakini nilikuwa na umri wa miaka thelathini na tano, nimekaa kwenye mkeka uleule, na sikutaka mchezo uishe mapema.

“Nimeshindwa,” nikasema.

“Nipe mji.”

Nikampa Dresden.

Akajinyoosha, akaweka kanga vizuri mabegani kama mtu anayeanza safari. “Haya,” akasema. “Nilikwenda Dresden, watu wa Dresden wakanisalimu. Nikakuta msichana yuko juu ya farasi...”